Nani Atabeba Chakula cha Mbebaji?

Aprili 1916, masika yakiwa yamekolea, wapanda farasi wa Afrika Kusini walioongozwa na Jenerali Jaap van Deventer walitoka upande wa Arusha wakaelekea Kondoa Irangi. Tarehe 19 walikuwa wameshautwaa mji. Njiani walipoteza mamia ya farasi, na nyuma yao barabara iliyotarajiwa kuleta malori ya chakula ilikuwa imegeuka tope. Kikosi kikakwama Kondoa zaidi ya miezi miwili. Farasi waliobaki hawakuweza kwenda mbele, malori hayakuweza kuwafikia, na sehemu kubwa ya kilichofika ilifika kwa mabega ya wapagazi.

Swali la farasi au gari huulizwa sana na watu wanaopenda kujiandaa kwa majanga. Barabara zikikatika, mafuta yakiadimika, na chakula lazima kifike, utegemee nini? Mpenda magari hujibu kwa kutaja kasi na uzito wa mzigo. Mpenda wanyama husema farasi anakula majani, na majani huota yenyewe. Wote wawili hujibu kabla ya kupiga hesabu, ilhali hesabu yenyewe inataka kuzidisha na kugawanya tu, pamoja na fizikia na biolojia ya sekondari. Nitaipiga hapa hatua kwa hatua, na mfano wangu utakuwa vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki. Humo kila jibu lilijaribiwa, kwenye ardhi tunayoijua, na gharama yake ililipwa na watu wetu.

Tuanzie chini kabisa. Kusogeza mzigo kunahitaji nishati, na nishati hiyo hutoka kwenye kitu kinachounguzwa: petroli ndani ya silinda, au wanga na mafuta ndani ya msuli. Kilo moja ya petroli ina takribani megajuli 44. Kilo moja ya mahindi makavu humpa mlaji kama megajuli 15. Kilo moja ya nyasi kavu humpa farasi kama megajuli 8, kwa sababu sehemu kubwa ya nyuzi zake hupita tumboni bila kumeng'enywa. Kwa uzito uleule, petroli ina nishati karibu mara tatu ya mahindi na zaidi ya mara tano ya nyasi. Na katika kuigeuza nishati kuwa kazi, msuli na injini havipishani sana: msuli hupata kama robo, injini za wakati ule zilipata chini ya hapo.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye saa za kupumzika. Injini ikizimwa haili. Farasi wa kilo 500 aliyesimama zizini anahitaji kama megajuli 70 kwa siku ili moyo upige, mwili uhifadhi joto na utumbo ufanye kazi yake. Hizo ni karibu kilo 5 za mahindi, na kazi haijaanza. Akitumikishwa sana, mahitaji hukaribia mara mbili. Miezi miwili ya kusubiri mahali kama Kondoa ingekula kilo 280 za nafaka kwa kila farasi, ilhali lori lililoegeshwa muda huohuo halimalizi hata chupa moja ya petroli.

Kweli, farasi anaweza kujilisha mwenyewe, na hapo ndipo wengi wanapoweka matumaini. Lakini malisho yanataka muda. Farasi aliye huru hutumia zaidi ya saa 10 kwa siku akila, kwa sababu majani yana nishati kidogo na tumbo lake ni dogo likilinganishwa na la ng'ombe. Mtumikishe saa 8, kisha mfunge usiku kwa hofu ya simba na ya adui, na saa za kula zimekwisha. Ndiyo maana majeshi ya zama zile yaliwalisha farasi nafaka: mgao wa kawaida wa jeshi la Uingereza ulizidi kilo 5 za nafaka kwa siku, juu yake nyasi kavu za uzito unaokaribiana na huo. Farasi wa vita hasafiri kwa majani ya porini. Husafiri kwa magunia, na magunia hayo lazima mtu ayalete.

Sasa tupige hesabu ya masafa. Chukua mbebaji yeyote, akiwa mtu, mnyama au mashine, umpe mzigo ambao wote ni chakula chake mwenyewe. Atafika mbali kiasi gani na bado aweze kurudi? Gawanya mzigo kwa mlo wa siku, zidisha kwa mwendo wa siku, kisha gawanya kwa mbili kwa ajili ya safari ya kurudi. Hapo ndipo mwisho wake. Akifika hapo hana hata punje ya kumpa mtu mwingine.

Farasi wa mizigo hubeba kama kilo 80, hula kilo 10 kwa siku za nafaka na nyasi, na hutembea kilomita 30. Jibu ni kilomita 120. Mpagazi hubeba kilo 25, hula kilo 1, hutembea kilomita 20. Jibu ni kilomita 250. Naomba msomaji asiipite haraka hesabu hii, maana wengi hawaiamini mara ya kwanza. Mtu, dhaifu kuliko farasi kwa kila kipimo cha nguvu, anamzidi masafa zaidi ya mara mbili. Sababu ni kwamba farasi hula moja ya nane ya mzigo wake kila siku, na mtu hula moja ya ishirini na tano. Farasi akipata nusu ya chakula chake malishoni, masafa yake yanapanda hadi kilomita 240, na bado hajamfikia mpagazi.

Gari je? Tuchukue gari jepesi la Ford la wakati ule, lililobebeshwa kilo 300, na tukadirie kwamba kwenye njia kavu ya udongo linakwenda kilomita 5 kwa lita. Lita ya petroli ina uzito wa robo tatu ya kilo. Masafa yake ni kilomita 1,000, na kwenye kilomita 250, mahali ambapo mpagazi ameishiwa kabisa, gari linakabidhi kilo 225 kati ya 300. Kwenye ardhi kavu, basi, hakuna mashindano.

Kwa hesabu hii pekee, Jenerali Jan Smuts, aliyekabidhiwa majeshi ya Uingereza katika Afrika Mashariki Februari 1916, angesema: malori mbele, wapanda farasi pembeni, na mpagazi awe akiba. Ndivyo alivyojaribu kufanya kwa kiasi kikubwa. Lakini hesabu ya nishati ni nusu ya somo. Nusu ya pili ni mahali penyewe: nini kinaishi hapo, na udongo wake unafanya nini mvua ikinyesha.

Mbung'o ni mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani. Akitua hulaza mabawa yake moja juu ya lingine mgongoni, yakalingana kabisa, na kwa alama hiyo peke yake unaweza kumtambua. Mbele ya kichwa kuna mrija uliosimama sawa kama sindano, wenye uwezo wa kupenya ngozi ya nyati. Dume na jike wote hunywa damu na hawana chakula kingine. Jike hatagi mayai kwa mamia kama nzi wengine. Hulea buu mmoja tumboni, akimlisha kwa aina ya maziwa, na baada ya siku 9 au 10 humtoa kwenye udongo laini wa kivulini, ambako buu hujichimbia na kugeuka pupa. Uzazi wa namna hiyo ni wa polepole, na unataka kivuli, unyevu na wanyama wa kunyonywa damu wasiokosekana. Miombo na vichaka vya kando ya mito ya Tanganyika vilikuwa na vyote vitatu.

Anachokipandikiza ni kimelea cha seli moja kiitwacho tripanosoma. Mwaka 1895, huko Ubombo katika nchi ya Wazulu, daktari David Bruce akisaidiwa na mkewe Mary alionyesha kwamba ugonjwa wa mifugo ulioitwa nagana husababishwa na kimelea hiki, na kwamba mbung'o ndiye anayekibeba. Kimelea huogelea ndani ya damu kikiwa kimevaa koti la protini. Mwili unapolitambua koti hilo na kutengeneza kinga, baadhi ya vimelea huwa vimeshalibadilisha, na kinga iliyotengenezwa haifai tena. Mwili huanza upya, kimelea hubadilisha tena. Ndiyo sababu mpaka leo hatuna chanjo yake. Farasi hupata homa inayopanda na kushuka, huvimba miguu na chini ya tumbo, damu hupungua, akakonda ingawa bado anakula, na mwisho miguu ya nyuma hushindwa kumshika.

Kwa nini pundamilia na nyati wanaishi kwenye vichaka hivyohivyo? Kwa sababu wazee wao waliishi na mbung'o kwa muda mrefu usiohesabika, na waliokuwa dhaifu kwa kimelea walikufa bila kuacha watoto. Hata baadhi ya ng'ombe wa Afrika Magharibi, kama aina ya N'Dama, wamejengeka hivyo na huvumilia. Farasi alifugwa kwanza kwenye nyika za Ulaya na Asia, kusiko na mbung'o hata mmoja. Damu yake haijawahi kufundishwa vita hivi.

Nagana haikuja peke yake. Kuna ugonjwa mwingine wa farasi wa Afrika, unaosababishwa na virusi na kuenezwa na visubi wanaouma jioni na usiku baada ya mvua. Unaua kati ya asilimia 70 na 95 ya farasi wanaoupata, karibu nusu ya nyumbu wanaozaliwa na punda na farasi, lakini kama asilimia 10 tu ya punda. Pundamilia ni nadra kudhurika. Ukizipanga takwimu hizo unaona ukoo wenyewe: kadiri mnyama alivyo mwenyeji wa Afrika, ndivyo anavyosalimika. Punda alifugwa kaskazini mashariki mwa bara hili.

Madaktari wa mifugo wa jeshi hawakuwa wajinga wa mambo haya. Waliwapa farasi arseniki, ambayo humsogeza mgonjwa kwa wiki chache tu. Baada ya hapo jeshi liliagiza farasi wengine. Kufikia mwisho wa 1916 farasi, nyumbu, maksai na punda walikuwa wamekufa kwa makumi ya maelfu. Rudi sasa kwenye hesabu yetu ya masafa. Mnyama anayeishi wiki sita lazima asafirishwe kwa meli hadi Mombasa au Tanga, apandishwe treni, alishwe njia nzima, ili afanye kazi siku arobaini. Gharama yake haikai tena kwenye mlo wa siku. Iko kwenye kumbadilisha.

Tuje kwenye tope. Kuvuta uzito wa tani moja juu ya reli kunahitaji nguvu ya kuinua kilo 2 au 3 tu, kwa kuwa chuma juu ya chuma hakibonyei. Juu ya lami ni kama kilo 15. Juu ya udongo mkavu ulioshindiliwa ni 40 hadi 50. Kwenye tope zito ni 200, hata 300. Gurudumu likizama kidogo, mbele yake pana kizingiti cha udongo, na likikibonyeza linakutana na kingine. Kwa maneno mengine gari linapanda mlima usiokuwa na kilele, ingawa macho yanaona uwanda.

Lakini kinachokwamisha gari mara nyingi si udhaifu wa injini. Ni mshiko. Chukua lori lenye tani moja kwa jumla, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma yaliyobeba kilo 600 kati ya hizo. Udongo uliolowa unaweza kuyapa mshiko wa kama asilimia 30 ya uzito huo, yaani kilo 180. Tope linadai 200. Pengo la kilo 20 linatosha: gurudumu linazunguka pale pale, linaparura udongo, linachimba shimo lake lenyewe, na ekseli inakalia tope. Kuongeza mafuta hapo ni kuongeza kina cha shimo. Ukipakua mzigo, dai la tope linashuka, ila na mshiko unashuka nao. Ndiyo maana dereva mzoefu hutafuta matawi na mawe ya kuweka chini ya tairi kabla ya kukanyaga tena.

Mguu hufanya kazi kwa kanuni nyingine. Gurudumu linahitaji njia isiyokatika, kila sentimita yake. Mguu unahitaji sehemu za kukanyagia tu, na kati ya moja na nyingine unapita hewani. Ukizama, unachomolewa kuelekea juu, hauburuzwi kupita ndani ya udongo. Binadamu huongeza jambo moja: anaona pa kukanyaga, na anaweza kuvuka juu ya gogo au kuogelea.

Magari mepesi ya Ford yalifanya vizuri kuliko malori makubwa kwa sababu hizo hizo, na lori zito lilikuwa na dhambi moja zaidi: liliiharibu barabara kwa ajili ya anayefuata. Mwanzoni mwa 1917, masika yalipokuwa makali kupita kawaida, Rufiji na Mgeta zilifurika, na barabara iliyotoka stesheni ya Mikese kwenye Reli ya Kati kuelekea kusini ikawa vipande vya maji na vipande vya tope. Weka tope kwenye hesabu yetu: gari la kilomita 5 kwa lita likishuka hadi kilomita moja kwa lita, masafa yake yanaanguka kutoka kilomita 1,000 hadi 200. Ni chini ya mpagazi, tena kama linasogea.

Kabla ya kumfikia mpagazi, kuna mfano mmoja kutoka Kongo ambao naupenda, kwa sababu waliopanga safari ile hawakuuliza swali la ama hiki ama kile. Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuzifikisha boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa kama mita 12, hadi Ziwa Tanganyika lililotawaliwa na meli za Wajerumani. Boti zilipanda treni kutoka Cape Town hadi Fungurume, Katanga, reli ilipoishia. Kutoka hapo zilivutwa kupita milima ya Mitumba na mashine mbili za mvuke, maksai wakisaidia kwenye miinuko, hadi Sankisia. Hapo tena treni, kisha mto Lualaba, kisha treni ya mwisho hadi ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata meli ya Kijerumani Kingani.

Tazama kile kipande cha Mitumba kwa jicho la hesabu. Mashine ya mvuke ni nzito na inafuja nishati, lakini inakula kuni, na kuni zimesimama kando ya barabara. Hivyo kilo za mafuta hazikubebwa kabisa. Badala yake ilikuwa na kiu kubwa. Maji yalipoadimika, wanawake wa vijiji vya karibu waliajiriwa kuyabeba kichwani hadi kwenye mashine. Injini ya chuma ikaenda kwa shingo za wanawake. Katika kila safari ya janga, mimi hutafuta kwanza kiungo hicho: kitu gani kinaisha mapema, na nani ataagizwa akakilete.

Na sasa mpagazi. Tumeona mwisho wake ni kilomita 250, yaani mwendo wa siku 12 na nusu. Lakini hakutumwa ajilishe yeye. Alitumwa amlishe askari aliye mbele, ambaye naye hula kilo 1 kwa siku. Askari akiwa mbali kwa siku 5, mpagazi atakula kilo 10 kwenda na kurudi, atakabidhi 15, na katika siku hizo 10 askari atakuwa amekula 10. Wapagazi wawili wanatosha kwa askari watatu. Askari akisogea hadi siku 10, mpagazi anakula 20 na kukabidhi 5 kila baada ya siku 20, na askari anahitaji wapagazi wanne. Siku 11, wapagazi zaidi ya saba. Siku 12, wapagazi 24 kwa askari mmoja, kwa chakula peke yake, risasi na dawa na mahema bado. Umbali umeongezeka kidogo tu, idadi ya watu imepaa.

Kamanda anayesonga mbele ana njia tatu za kutoka kwenye hesabu hiyo. Anaweza kusimama. Anaweza kujenga barabara au reli, kama Waingereza walivyoijenga ile ya kutoka Voi kupitia Taveta hadi Moshi. Au anaweza kupunguza ile kilo 1 ya mpagazi. Njia ya tatu ilitumika sana kupita kiasi.

Hebu tuone maana yake mwilini. Mpagazi wa kilo 55 anayetembea saa sita na kilo 25 hutumia si chini ya megajuli 15 kwa siku, sawa na kilo moja ya mahindi ikimeng'enywa yote. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha utafiti uliowapima wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu nchini Kenya, wakaona wanaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati zaidi ya anayetembea mikono mitupu. Ni ustadi wa ajabu, unaotokana na mwendo uliozoeleka tangu utoto. Ila mzigo wa vita ulikuwa karibu asilimia 45, mbali kabisa na mpaka huo. Ukimkatia mgao nusu, anapungukiwa megajuli 7 na nusu kila siku. Kilo moja ya mafuta ya mwili hutoa kama megajuli 32. Kijana mwembamba ana pengine kilo 5 za kuchoma. Zinamtosha wiki tatu. Baada ya hapo mwili unakula misuli yake, ukiwemo moyo.

Na tumehesabu kana kwamba chakula kilimeng'enywa. Watu waliozoea ndizi au muhogo walipewa unga wa mahindi au maharage, bila sufuria za kutosha, bila kuni kavu, bila muda wa kupika hadi kuiva, na jioni yenyewe mvua inanyesha. Matumbo yalishindwa, kuhara kukaingia, kisha kuhara damu, malaria na nimonia. Waingereza peke yao waliwaandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda, Nyasalandi na kwingineko, na kambi yao ya Dar es Salaam ilikuwa pale ilipo Kariakoo ya leo. Takwimu rasmi za waliokufa zinakaribia 95,000, na wengi hawakuuawa kwa risasi. Wajerumani na Wabelgiji nao walikuwa na wapagazi wao. Naandika haya kama somo la sayansi, na sioni namna ya kuyaandika bila uchungu: mlinganyo wa uchukuzi ulikuwa na tarakimu moja tu ambayo ingeweza kubanwa bila mashine kuzimika papo hapo, nayo ilikuwa sahani ya mtu.

Ukitaka kuchagua leo, kwa hiyo, usianze na farasi wala gari. Anza na umbali kwa siku, kisha uliza mbebaji anakula sehemu gani ya mzigo kwa siku, kisha chunguza ni wapi njiani anaweza kupata mlo bila kubebewa, kisha udongo wakati wa mvua, kisha wadudu. Farasi anafaa panapokuwa na nyasi nzuri, hewa ya baridi na hakuna mbung'o: nyanda za juu za Ethiopia na Lesotho zinaonyesha hilo kila siku. Kwa sehemu kubwa ya nchi zetu, pikipiki imewapita wote wawili. Ikibebeshwa kilo 100 na kwenda kilomita 40 kwa lita, masafa yake kwa hesabu yetu ni zaidi ya kilomita 2,500. Inapita njia ya miguu, na daraja likivunjika watu wanne wanaibeba mabegani hadi ng'ambo.

Udhaifu wake ni kwamba petroli haioti. Na hata ukiwa nayo pipani, baada ya miezi sita hadi mwaka sehemu zake nyepesi huwa zimepotea hewani, nyingine zimeganda utomvu unaoziba kabureta. Katika vita vile Wajerumani waliozingirwa bila meli walifika mahali pa kukeneka mafuta ya magari kutokana na mbata na kujitengenezea tairi kwa mpira wa mashambani, lakini magari yao yalikuwa machache mno. Janga la wiki mbili, chagua injini. Janga la miaka miwili, uliza ni kitu gani kitakachokuwa bado kinatembea.

Mara nyingi kitakuwa punda. Ana kilo 150, anabeba 40 au 45, anakula kama kilo 3 kwa siku, tena majani makavu ambayo farasi angeyakataa. Hata akila mzigo wake mtupu, masafa yake kwa mwendo wa kilomita 20 yanafika kilomita 150, na penye malisho hayana mwisho wa hesabu. Anaweza kupoteza maji hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake jangwani bila kufa, upotevu ambao ungemuua mtu kabla hajafika nusu yake, na akifika kisimani anayarudisha kwa dakika chache. Nagana humdhoofisha naye, hilo lisisahaulike, ila kwa kawaida si kwa kasi ile ya farasi.

Kwa miaka kadhaa punda hao wamekuwa wakichinjwa kwa wingi Afrika ili ngozi zao zipelekwe China kutengenezwa dawa ya asili iitwayo ejiao, hadi Umoja wa Afrika ulipopitisha marufuku ya miaka 15 mwezi Februari 2024. Wizi haujakoma. Punda jike hubeba mimba karibu miezi 12, huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo hapaswi kubebeshwa mzigo kamili kabla hajafika miaka 3 au 4. Kijiji kilichouza punda wake mwaka huu kitahitaji miaka mitano kuwarudisha, tena ikiwa kimebakiza jike na dume.